Kijana wa Gungu anayetoa gundi za stika kwenye vioo vya gari: maoni yangu

Kama uko Kigoma na kioo cha gari lako kimejaa gundi za stika za zamani, mpelekee kijana anayeosha magari pale Gungu, chini ya mwembe, ukiwa unatoka Mwanga kuelekea Mwandiga. Hana bango. Utamjua kwa simtanki jeusi lililopandishwa juu ya matofali na kamba ndefu iliyoanikwa matambara. Ametoa kwenye gari langu gundi iliyokaa miaka mingi, hakuacha mkwaruzo hata mmoja, na alinitoza elfu tano juu ya pesa ya kuosha. Kwangu mimi hiyo ni bei ya haki kabisa, na nitaeleza kwa nini, maana nimeona watu wanaharibu vioo vyao kwa kazi hii hii.

Gari langu ni Noah ya namba C, nimeinunua kwa mtu. Nabeba akina mama wa dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi kwenda Mwandiga, na siku nyingine tunafika mpaka Kasulu. Naendesha mwenyewe. Asubuhi hakuna shida sana. Shida ni jioni ukirudi mjini, jua linashuka upande wa Kongo na linakupiga usoni. Gundi iliyoshika vumbi inawaka weupe kwenye kioo, na nyuma ya weupe ule huoni bodaboda wala mtoto anayevuka. Kwa hiyo sizungumzii urembo wa gari. Doa la gundi lililo mbele ya macho ya dereva ni jambo la hatari, na nashangaa jinsi tunavyolizoea.

Kwenye kioo changu cha mbele ungeweza kusoma maisha yote ya gari lile. Juu katikati palikuwa na mabaki ya stika ya ukaguzi ya Japani, ile ndogo ya mraba, na pembeni yake alama ya duara ya stika nyingine ya huko huko, ya matengenezo. Chini upande wa kushoto ndipo zilipoanza za kwetu: rodi laisensi ya kila mwaka, ambayo serikali iliifuta mwaka 2017 na kuhamishia makato yake kwenye bei ya mafuta; stika za bima, mpya juu ya ya zamani; na stika za Wiki ya Nenda kwa Usalama. Siku hizi bima inahakikiwa kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, kwa namba ya gari tu, lakini gundi za miaka ile zimebaki pale pale. Mwenye gari wa kwanza alikuwa anabandua karatasi kavu kavu kwa kucha, karatasi inatoka nusu, gundi inabaki yote, halafu anabandika nyingine juu yake. Kwa hiyo palikuwa na tabaka, tena gumu, la rangi ya kahawia, lenye vipande vya karatasi vilivyoshikamana nalo.

Stika mpya ukiibandua taratibu inatoka na gundi yake karibu yote. Iliyopigwa na jua miaka ni kitu kingine. Jua linaikausha gundi na kuibadilisha, ule ulaini wake unakwisha, inashika kioo kwa ukaidi. Maji na sabuni peke yake haviingii ndani yake, unasugua mpaka mkono unauma na doa linakutazama. Hapo ndipo watu wanapokimbilia stilwaya.

Nisimame hapo kidogo. Tafadhali, msikubali stilwaya ya kusugulia masufuria ipite kwenye kioo cha gari. Ndugu yangu mmoja alipeleka gari lake mahali, sitapataja, wakamsugulia gundi kwa stilwaya na jivu. Gundi ilitoka kweli. Usiku alipokutana na lori lenye taa kali, kioo kizima upande ule kilijaa mistari ya mwanga. Mikwaruzo ile haitoki kwa kuosha. Mchanga, hata ule uliochanganyika na jivu, una chembe ngumu kuliko kioo chenyewe, na hata tambara safi likishika mchanga linakwaruza. Sisi Kigoma vumbi letu jekundu tunalijua, halikosi mchanga.

Ndiyo maana kitu cha kwanza kilichonipendeza kwa kijana wa Gungu ni kwamba hakugusa gundi kabla ya kuosha kioo. Aliniambia nisogeze gari liingie kivulini. Nikamuuliza kwani jua halisaidii kulainisha gundi? Akasema, "Linasaidia mama, lakini dawa nayo itakauka kabla haijafanya kazi. Acha kioo kipoe kwanza." Akakiosha kwa maji mengi, ndani na nje, akabadilisha tambara. Halafu akatandika taulo kuukuu juu ya dashibodi yote mpaka kwenye matundu ya hewa, na nyingine chini kwenye kapeti, kwa sababu stika nyingi hubandikwa upande wa ndani wa kioo na dawa yoyote unayoweka inatiririka kwenye plastiki. Milango yote akaifungua. Alifanya hayo yote bila kuelekezwa, na mimi mwenye gari sikuwa nimeyafikiria.

Kisha akabandua karatasi zilizobaki. Chombo chake ni kipande cha plastiki alichokikata kwenye dumu la mafuta ya kula, ukingo wake ameunoa kwenye saruji. Plastiki haiwezi kukwaruza kioo hata ukiikandamiza. Alilowesha karatasi kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, akaacha, akakwangua. Ile karatasi ikawa uji, ikatoka. Hapa ndipo mafundi wengi wanaruka hatua: wanapaka dawa juu ya karatasi, na karatasi inaikinga gundi isipate dawa.

Baada ya hapo ndipo akatoa mafuta ya taa. Nilitegemea dawa ya dukani, kopo la kupuliza, nikashangaa kidogo. Akakunja vipande vya tambara, akavichovya, akavikamua visidondoke, akavibandika juu ya kila doa, na juu ya tambara akafunika kipande cha nailoni ili mafuta yasikauke. Akaviacha. Akaenda kufyonza mazulia, akaosha matairi, akahudumia pikipiki ya mtu. Mimi nilianza kuona kama nimesahauliwa. Nikamwita, "Kijana, vipi tena?" Akanijibu kwa upole tu, "Mama, gundi haitaki nguvu. Inataka kuloweshwa."

Na ukweli alikuwa nao. Alipovua zile nailoni, gundi ilikuwa imevimba na kulainika kama ugali uliolala ndani ya mchuzi. Ile plastiki ya dumu iliisukuma ikajikunja yenyewe mbele ya ukingo. Tabaka la juu likatoka, akarudia kulowesha la chini. Gundi za stika za Tanzania zilitoka zote kwa mafuta ya taa. Stika ya duara ya Kijapani ilikataa, ikabaki utando mwembamba unaonata. Kwa hiyo akahamia kwenye spiriti, ile ya dukani ya kusafishia vidonda, akaipaka kidogo kidogo kwa pamba, na ule utando ukaanza kuviringika. Alinieleza kwamba gundi haziko za aina moja: nyingine inasikia mafuta, nyingine inasikia spiriti, na huwezi kujua mpaka ujaribu pembeni. Nakubaliana naye. Nyingine asili yake ni mpira, na hizo mafuta kama ya taa yanazilainisha vizuri. Nyingine ni za akriliki, na hizo mara nyingi spiriti inazishinda.

Wembe ulikuja mwisho kabisa, kwa doa moja dogo lililobaki, na kwenye kioo cha mbele tu. Wembe mpya, aliufungua mbele yangu. Kioo akakilowesha sabuni mpaka kinateleza, akaulaza wembe karibu ulale kabisa juu ya kioo, akausukuma kwenda mbele tu, bila kuurudisha nyuma. Chuma cha wembe hakikwaruzi kioo kirahisi kikiwa kimelowa na safi. Kinachokwaruza ni mchanga unaokokotwa chini yake, au ncha ya wembe ulioinuliwa, au kutu. Ukiona fundi anakwangua kwa wembe kioo kikavu, mzuie.

Kumalizia aliosha kwa sabuni ya maji kuondoa mafuta, akapangusa kwa spiriti, akaniambia nikae kwenye kiti cha dereva nitazame huku yeye akishika taa ya simu kwa nje, kwa ubavu. Mwanga wa ubavu unaonyesha kila kitu. Tuliona doa moja la mafuta karibu na kioo cha kuangalilia nyuma, akalifuta. Hiyo ndiyo sehemu ya huduma ambayo ningependa kila mwosha magari aige.

Sasa kioo cha nyuma, maana huko ndiko kazi inakohitaji akili zaidi. Noah nyingi zilikuja na stika za Kijapani kwenye kioo cha nyuma, zile za kijani za utunzaji wa mazingira na ile ya kuonyesha gari lina mahali pa kuegeshwa. Upande wa ndani wa kioo hicho kuna nyuzi nyembamba za kahawia zinazopita kutoka upande mmoja hadi mwingine. Hizo ni njia za umeme za kupasha kioo joto ili ukungu uondoke. Zimechapwa juu ya kioo, hazimo ndani yake. Wembe ukipita mara moja, uzi umekatika, na mstari ule hautapata joto tena. Mtu wa Kigoma anaweza kusema ukungu wa nini huku kwetu, lakini aliyewahi kushuka kutoka Kasulu alfajiri ya masika akiwa amejaza abiria anajua kioo cha nyuma kinavyojaa ukungu. Kijana alitumia mafuta na kidole tu huko, akifuata mwelekeo wa nyuzi, hakukata kwa kukingama. Ilichukua muda mrefu kuliko kioo cha mbele, na sikumlaumu.

Jambo jingine aliloniuliza kabla hajagusa vioo vya pembeni: "Mama, hii ni tinti ya kubandika au kioo chenyewe ni cheusi?" Swali zuri. Shusha kioo kidogo utazame ukingo wa juu. Kama ni karatasi ya kubandika utaona inaishia kabla ya kufika ukingoni. Kama weusi unafika mpaka ukingo, ni kioo chenyewe kilivyotengenezwa. Changu ni cha pili, kwa hiyo dawa haikuwa na tatizo. Yenye tinti ya kubandika, upande wa ndani usipeleke wembe, wala dawa ya kuondoa rangi ya kucha, wala sabuni ya vioo yenye amonia. Tinti itajikunja au itapauka, na kuibandika upya ni gharama kuliko stika zote duniani.

Nimeulizwa na wenzangu wa Kibirizi dawa ipi ni bora kununua, kwa hiyo niseme ninavyoona kwa zile nilizoziona zikitumika.

Petroli inatoa gundi haraka, na vijana wengi wanaipenda kwa kuwa ipo kwenye tangi. Mimi siitaki ndani ya gari langu. Inakauka kabla haijaloweka vizuri, mvuke wake unaumiza kichwa, na ndani ya gari lililofungwa cheche moja inatosha kuleta msiba. Thina ya mafundi rangi ni hivyo hivyo, na ikidondoka kwenye boneti inaondoka na rangi. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha, ile yenye asetoni, ni kali na inafanya kazi nzuri kwenye kioo kitupu kwa doa dogo, lakini tone moja kwenye dashibodi linayeyusha plastiki na alama haifutiki. Ukiitumia, iwe nje ya kioo na kwa pamba iliyokamuliwa.

WD-40 inapatikana kwenye maduka ya vipuri. Ilibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji na kuzuia kutu, lakini sehemu kubwa ya kilichomo ni mafuta mepesi yatokanayo na mafuta ghafi, ndiyo maana gundi inalegea. Ni nzuri, inapuliza mahali unapotaka, na kopo moja linakaa. Kama tayari unalo nyumbani kwa ajili ya bawaba na boliti, litumie. Kulinunua kwa ajili ya stika peke yake sioni sababu, mafuta ya taa ya kibatari yanatoa matokeo hayo hayo kwa pesa ndogo. Yote mawili yanaacha utando wa mafuta, na lazima uoshe kwa sabuni baadaye, la sivyo waipa itausambaza kioo kizima mvua ikinyesha.

Na mawese? Tuko Kigoma, lazima mtu aulize. Mafuta yoyote ya kula yanalainisha gundi ya mpira, mawese yakiwemo, lakini rangi yake nyekundu inaingia kwenye raba za pembeni mwa kioo na kwenye nguo. Ya mise, yanayokamuliwa kwenye kiini cha mbegu ya mchikichi, ni meupe zaidi, ila asubuhi ya baridi yanaganda kwenye chupa. Alizeti ni bora kwa kazi hii: hayagandi, hayana harufu kali, hayadhuru dashibodi, na unaweza kuyaacha usiku kucha chini ya nailoni. Kwa stika moja ambayo haijapigwa na jua sana, fanya hivyo mwenyewe nyumbani, hakuna haja ya kwenda kwa fundi. Na maji, yawe ya uvuguvugu. Usimwage yaliyochemka kwenye kioo cha mbele chenye ufa au alama ya jiwe, ufa utakimbia.

Huduma ya yule kijana ina upungufu wake na nitausema pia, kwa sababu namtakia mema na najua wateja wake wanasoma. Ni mpole mno kwenye kupanga foleni, kila anayefika anamwambia "subiri kidogo", na Jumamosi kidogo hiyo inakuwa nusu siku. Hakuna mahali pa kukaa zaidi ya tofali. Gundi iliyoingia kwenye pembe kati ya kioo na raba hakuimaliza, nilikuja kuitoa mwenyewe kwa kijiti cha meno kilichozungushiwa pamba yenye alizeti. Na harufu ya mafuta ya taa ilikaa ndani ya gari mpaka kesho yake. Abiria mmoja alilalamika, na alikuwa na haki. Nimemshauri atumie alizeti kwa upande wa ndani na mafuta ya taa ayaache kwa nje. Amesema atajaribu.

Pamoja na hayo nampa nne kati ya tano, na ile moja niliyoibakiza ni ya foleni na ile pembe. Kazi ya kioo chenyewe ni safi. Jioni niliporudi bila mzigo kutoka Mwandiga, jua likiwa mbele yangu, niliona barabara yote, mitaro, na watu wanaotembea ukingoni.

Ukienda kwake, nenda siku ya kazi asubuhi, kabla kivuli cha mwembe hakijahama, maana mchana mahali pale panakuwa jua tupu na kazi ya kulowesha inaharibika. Mwambie mapema kama una tinti ya kubandika na kama kioo kina ufa. Beba taulo lako la dashibodi kama hupendi la kwake, na wembe mpya mmoja kwenye karatasi yake. Patana bei kabla, kwa idadi ya madoa: kwa stika moja au mbili nimesikia akitaja elfu mbili, kwa kioo kilichojaa kama changu ni elfu tano. Na akishabandika matambara yake juu ya gundi, usimharakishe.